Brigedi ya Kwanza Ilikuwa Iraki: kisa cha jeshi la nchi kavu la Georgia, Agosti 2008

Tarehe 10 Agosti 2008 ndege za mizigo za Marekani aina ya C-17 zilianza kutua Tbilisi, mji mkuu wa Georgia, zikiwarudisha askari wa nchi hiyo kutoka Iraki. Jumla yao ilikuwa 2,000, wengi wao wa Brigedi ya Kwanza, brigedi yenye uzoefu kuliko zote nchini. Kazi yao huko ilikuwa kulinda barabara na vizuizi vya mkoa wa Wasit, upande wa mpaka wa Irani, wakiwa na makao yao katika mji wa Kut. Siku hiyo hiyo walipoanza kushuka kwenye ngazi za ndege, wenzao walikuwa wanauacha mji wa Tskhinvali, makao makuu ya Ossetia Kusini, jimbo lililojitenga na Georgia, ambao walikuwa wameuingia siku mbili tu nyuma yake.

Kambi mpya ya brigedi hiyo ilikuwa Gori. Kutoka Gori hadi Tskhinvali ni kama kilomita 30. Kutoka Kut ni zaidi ya kilomita 1,000. Wahenga walisema fimbo ya mbali haiui nyoka, na sijui kisa kingine cha vita vya karne hii ambacho msemo huo unakifaa zaidi ya hiki.

Georgia ninayoizungumzia ni nchi ya milima ya Kaukazi, si jimbo la Marekani. Ilikuwa sehemu ya Umoja wa Kisovyeti hadi 1991. Kaskazini inapakana na Urusi, kusini na Uturuki, Armenia na Azerbaijan. Wakati wa vita ilikuwa na watu wapatao milioni 4.4, na kwa ukubwa wa ardhi mkoa wa Tabora peke yake unaizidi. Kwa hiyo watu wengi wakisikia kwamba ilipigana na Urusi ikashindwa ndani ya siku tano, husema tu: sasa ulitegemea nini? Tembo na sungura.

Jibu hilo lina ukweli, ila linafunga mjadala mapema mno. Kushindwa na Urusi kulikuwa karibu hakukwepeki. Lakini namna jeshi lilivyovunjika, hilo halikuamuliwa na ukubwa wa adui. Kombania na batalioni za Georgia zilipigana vizuri, na Warusi wenyewe walikiri hivyo. Kilichovunjika ni kile kilichotakiwa kuziunganisha. Na sababu, kwa maoni yangu, ni kwamba jeshi hili lilifundishwa kwa bidii na kwa gharama kubwa kupigana vita vya mtu mwingine.

Jeshi lililozaliwa bila wazazi

Georgia ilipotangaza uhuru tarehe 9 Aprili 1991 haikurithi jeshi. Ilirithi kambi ambazo ndani yake bado walikaa Warusi, na silaha zilizozagaa mikononi mwa kila mwenye nguvu. Walinzi wa Taifa, walioundwa mwishoni mwa 1990, waliongozwa na mchongaji sanamu, Tengiz Kitovani. Kando yao kulikuwa na wanamgambo wa Mkhedrioni chini ya Jaba Ioseliani, mtu aliyewahi kufungwa kwa wizi wa benki kabla ya kugeuka mwandishi wa tamthilia. Wawili hawa walimpindua rais wa kwanza, Zviad Gamsakhurdia, Januari 1992. Chini ya watu kama hao nchi ilipigana vita viwili katika majimbo yaliyotaka kujitenga, Ossetia Kusini na Abkhazia, na vyote ikavishindwa. Sukhumi, mji mkuu wa Abkhazia, uliangukia mikononi mwa adui tarehe 27 Septemba 1993, na maelfu kwa maelfu ya Wageorgia wakakimbia kwa miguu kupitia milimani.

Kwa Ossetia Kusini, mapatano ya Juni 1992 yaliacha walinda amani wa pande tatu: Warusi, Wageorgia na Waossetia. Vijiji vya Kigeorgia na vya Kiossetia vilikaa vimechanganyikana, kimoja hapa, kingine pale, barabara moja ikivipitia vyote. Hali hiyo ilidumu miaka 16.

Jeshi lenyewe likadhoofu. Mei 2001 batalioni moja ya Walinzi wa Taifa iliasi na kuteka kambi ya Mukhrovani, si kwa siasa kubwa bali kwa mishahara iliyochelewa na maisha duni ya kambini. Askari anayeasi kwa njaa hawezi kulinda mpaka wa mtu.

Shule ya Wamarekani

Mwaka 2002 Marekani, ikiwa na hofu kwamba wapiganaji wenye uhusiano na al-Qaeda wamejificha katika bonde la Pankisi huko Georgia, ilianzisha mpango wa kuwafundisha na kuwapa vifaa askari wa Georgia. Gharama yake ilikuwa dola milioni 64. Uliendelea hadi 2004 na kutoa batalioni nne zenye sare moja, buti nzima, redio zinazofanya kazi na askari waliojua kulenga. Kwa nchi iliyotoka kwenye uasi wa njaa, hayo yalikuwa maajabu. Nasema bila kejeli yoyote: mpango ule ulirudisha heshima ya kuwa askari.

Baada ya Mapinduzi ya Waridi ya Novemba 2003, maandamano yaliyoiondoa serikali ya zamani, rais mpya Mikheil Saakashvili alimwaga fedha. Bajeti ya ulinzi ilipanda kutoka makumi ya mamilioni ya dola hadi karibu dola bilioni 1 mwaka 2008. Vikanunuliwa vifaru vya T-72 vilivyoboreshwa na kampuni za Israeli, mizinga ya DANA ya magurudumu kutoka Jamhuri ya Cheki, na makombora ya kutungulia ndege kutoka Ukraine. Jeshi la nchi kavu likapangwa katika brigedi tano za askari wa miguu: ya Kwanza Gori, ya Pili Senaki, ya Tatu Kutaisi, ya Nne Vaziani karibu na Tbilisi, na ya Tano, changa kabisa, Khoni. Juu yake kulikuwa na mizinga, wahandisi na vikosi maalumu.

Kwa macho ya gwaride lilikuwa jeshi zuri. Tatizo lilikaa mahali ambapo gwaride halionyeshi.

Mafunzo ya Wamarekani kuanzia 2005 yalilenga jambo moja: kuandaa batalioni kwenda Iraki. Georgia ilianza huko na askari 69 mwaka 2003. Kufikia 2007 walikuwa 2,000, na kuifanya nchi hii ndogo ya tatu kwa wingi wa askari Iraki baada ya Marekani na Uingereza. Mtu anayekwenda Kut anahitaji kujua doria, ukaguzi wa magari, namna ya kuingia nyumba, namna ya kukwepa bomu la kutegwa barabarani. Ndege za angani ni za rafiki yake. Mizinga ni ya rafiki yake. Hospitali, mafuta, chakula na ramani, vyote ni vya rafiki yake. Kamanda wa batalioni anaomba msaada kwenye redio na msaada unakuja.

Vita vya nyumbani havina rafiki wa kumpigia. Vinataka brigedi ijue kusogea pamoja na vifaru vyake, mizinga yake na wahandisi wake, usiku, ikiwa juu yake zinapita ndege za adui. Vinataka makao makuu yanayoweza kuendesha brigedi tatu kwa wakati mmoja. Hilo halikufundishwa, na Marekani haikuwa na nia ya kulifundisha, kwa sababu haikutaka kuonekana inaiandaa Georgia kupigana na Urusi. Maofisa wengi wa zamani waliosomea vyuo vya Kisovyeti, ambao angalau walijua vita vikubwa kwa nadharia, walikuwa wameondolewa na nafasi zao kupewa vijana. Luteni aliyejua vizuri kuongoza watu 30 alipandishwa haraka akajikuta na mamia. Waziri wa ulinzi, Davit Kezerashvili, hakuwa hata amefikisha miaka 30.

Kwa nini serikali ilikubali kupeleka brigedi yake bora mbali hivyo? Kwa sababu ilikuwa inanunua kitu. Ilitaka kuingia NATO, na damu ya askari wake Iraki ndiyo malipo iliyokuwa nayo. Mkutano wa NATO wa Bucharest, Aprili 2008, ulitamka kwamba Georgia na Ukraine siku moja zitakuwa wanachama, lakini haukutoa mpango wala tarehe. Tbilisi ilisikia ahadi. Moscow ilisikia tishio. Hakuna mlinzi aliyekuja pamoja na maneno hayo, na hilo ndilo linaloniuma ninapokisoma kisa hiki.

Siku tano

Majira ya kuchipua ya 2008 macho ya Georgia yalikuwa magharibi, Abkhazia. Urusi ilikuwa imepeleka huko askari wake wa reli kukarabati njia ya treni, na kila mchambuzi aliuliza treni hiyo itabeba nini. Julai majeshi mawili yalifanya mazoezi kila upande wa mlima: Wageorgia na Wamarekani huko Vaziani, Warusi kaskazini mwa Kaukazi. Mazoezi ya Warusi yalipokwisha, sehemu ya vikosi vyao ilibaki karibu na njia ya Roki.

Roki ni handaki la zaidi ya kilomita 3.5 lililochimbwa ndani ya mlima, mita zaidi ya 2,000 juu ya usawa wa bahari. Ndiyo njia pekee ya magari ya kutoka Urusi kuingia Ossetia Kusini. Ukilifunga handaki hilo, au daraja la Gufta lililo chini yake, Tskhinvali inabaki peke yake. Usipolifunga, kila saa inayopita inamwongezea adui nguvu. Mpango mzima wa vita ulitakiwa kuanzia pale.

Wiki ya kwanza ya Agosti ilikuwa ya milipuko na risasi kati ya vijiji. Jioni ya tarehe 7 Saakashvili alitangaza kwenye televisheni kwamba ameamuru askari wake wasifyatue. Kabla ya usiku wa manane mizinga na roketi za Grad zikaanza kuupiga Tskhinvali, mji wenye raia waliolala kwenye mahandaki ya nyumba zao. Tume ya Umoja wa Ulaya iliyoongozwa na mwanadiplomasia wa Uswisi Heidi Tagliavini, katika ripoti ya Septemba 2009, ilisema vita vilianza kwa shambulio hilo na kwamba halikuwa na uhalali katika sheria ya kimataifa. Ikasema pia kwamba majibu ya Urusi yalivuka mipaka ya kujilinda. Anayetaka kuielewa Agosti ile abebe kauli zote mbili. Kuna watu hubeba moja na kuiacha nyingine, na wote wanapotea.

Brigedi ya Nne ilipita magharibi mwa mji, ya Tatu mashariki, kuelekea vilima, na katikati waliingia askari wa Wizara ya Mambo ya Ndani na vikosi vingine. Tazama nani aliyetangulia: Brigedi ya Nne ndiyo iliyokuwa ikinolewa na wakufunzi wa Kimarekani, ambao walikuwa nchini wapatao 130, ili ikawapokee wenzao Iraki. Ilitoka darasa la doria za jangwani ikaingia moja kwa moja kwenye vita vya mji na mizinga.

Kufikia mchana wa tarehe 8 sehemu kubwa ya mji ilikuwa mikononi mwa Wageorgia. Lakini Roki ilikuwa wazi. Daraja la Gufta lilishambuliwa bila kukatwa. Safu za Jeshi la 58 la Urusi zikashuka kwa barabara ya Zar, iliyojengwa mahsusi kuvikwepa vijiji vya Kigeorgia vilivyokaa kwenye barabara kuu. Ndege za Urusi zikaanza kupiga askari waliokuwa wamekusanyika pamoja kama watu waliozoea anga isiyo na adui. Ndivyo walivyozoeshwa.

Mawasiliano yalianza kukatika. Makamanda wakawa wanatumia simu za mkononi kutoa amri, mtandao ukaelemewa, na brigedi zikawa hazijui jirani yuko wapi. Askari wa akiba, wengi wao wakiwa na mafunzo ya siku 18 tu, waliitwa, wakapelekwa Gori kwa mabasi, na walipofika hakukuwa na mtu aliyejua wawekwe wapi.

Hata hivyo, tarehe 9 lilitokea jambo ambalo linathibitisha ninachokisema. Msafara wa mbele uliokuwa na kamanda wa Jeshi la 58 mwenyewe, Luteni Jenerali Anatoly Khrulyov, ulikutana uso kwa uso na Wageorgia karibu na Tskhinvali. Jenerali akajeruhiwa na msafara wake ukapondwa. Kikosi kidogo cha Georgia kilimpiga jenerali wa dola kubwa. Lakini hakukuwa na akili ya juu iliyoweza kuuchukua ushindi huo mdogo na kuutumia kwa lolote. Kesho yake amri ikawa kurudi nyuma.

Kurudi nyuma kwa mpangilio, watu wakizuia kwa zamu huku wengine wanasogea, ni kazi ngumu kuliko kushambulia. Usiku wa tarehe 11 jeshi liliondoka Gori kuelekea Mtskheta, mji ulio karibu na Tbilisi, kwa vurugu, magari yakipitana na mengine yakiachwa na mafuta ndani. Vifaru vizima, makumi kadhaa, vilikutwa na Warusi kambini au barabarani. Magharibi, kambi ya Senaki ilitekwa karibu bila risasi kwa sababu Brigedi ya Pili iliyoishi humo ilikuwa imeletwa mashariki. Tarehe 12 Rais Nicolas Sarkozy wa Ufaransa alipata makubaliano ya kusitisha mapigano. Warusi waliingia Gori hata hivyo, na wakakaa humo hadi tarehe 22.

Georgia ilipoteza askari wapatao 170, polisi 14 na raia 228. Urusi ilitaja askari wake zaidi ya 60. Waossetia waliokufa ni mamia. Zaidi ya watu 100,000 walikimbia, na Wageorgia wa vijiji vya Kekhvi, Kurta na Tamarasheni hawakurudi tena: nyumba zao zilichomwa na kubomolewa.

Je, kama ingekuwa nyumbani?

Serikali ya Georgia ilikuwa na hoja iliyoirudia sana baadaye: nani anaanzisha vita huku brigedi yake bora iko Iraki? Hoja ina uzito, na mimi naikubali nusu. Inaonyesha kwamba hakukuwa na mpango wa muda mrefu wa kushambulia mwezi ule. Lakini haionyeshi kwamba hawakushambulia. Inaonyesha jambo baya zaidi: kwamba uamuzi mkubwa kuliko wote ambao dola inaweza kufanya ulichukuliwa kwa saa chache, na watu waliojua kabisa fimbo yao iko wapi, wakitegemea kwamba nyoka atachelewa kuamka.

Brigedi ya Kwanza isingeizuia Urusi. Ingeweza labda kuifikia barabara ya Zar mapema. Zaidi ya hapo ingeweza kuishika njia ya Gori kwenda Tbilisi kwa siku mbili tatu, wenzao wakarudi wakiwa na silaha zao, na hofu ile ya usiku wa tarehe 11 isingekuwa na nafasi kubwa hivyo.

Hilo linanipeleka Shindisi. Ni kijiji kidogo kaskazini mwa Gori chenye kituo cha reli. Tarehe 11 Agosti kundi la askari wa Georgia waliokuwa wakirudi nyuma lilikutana hapo na safu ya Warusi. Walijibana kwenye kituo na kupigana. 17 walikufa. Wanakijiji waliwaficha majeruhi majumbani mwao, wakijua wazi adhabu yake wakigunduliwa. Askari hawa walifanya kila kitu ambacho askari anaweza kufanya. Waliokosekana ni wale waliopaswa kujua kwamba wako pale.

Darasa lile lile tena

Waliosoma haraka zaidi ni Warusi. Walishinda, lakini waliona redio zao mbovu, ndege zao zilizotunguliwa na majenerali wasiojua adui yuko wapi. Ndani ya miezi miwili waziri wa ulinzi Anatoly Serdyukov alitangaza mageuzi makubwa kuliko yote tangu enzi za Kisovyeti, divisheni zikageuzwa brigedi na maelfu ya maofisa wakastaafishwa.

Georgia je? Mwaka 2009, mwaka mmoja tu baada ya vita, wakufunzi wa Kimarekani walirudi, na batalioni zikaanza kuandaliwa upya. Kwa ajili ya Afghanistan. Vizuizi vya barabara, mabomu ya kutegwa, doria. Kufikia 2012 Georgia ilikuwa na askari zaidi ya 1,500 huko, wengi katika jimbo la Helmand, idadi kubwa kuliko nchi yoyote isiyo mwanachama wa NATO. 32 walikufa, na wengine wengi walirudi bila miguu. Ninawaheshimu. Lakini kila ninapoitazama ratiba ile ya mafunzo nauona mji wa Kut tena.

Kwa miaka mingi Washington ilikataa hata kuiuzia Georgia silaha za kupiga vifaru, ikisema itaichokoza Moscow. Makombora ya Javelin yaliidhinishwa Novemba 2017: 410, pamoja na mitambo 72 ya kuyarushia. Mwaka uliofuata ukaanza mpango mpya wa Wamarekani wa kufundisha batalioni tisa, moja baada ya nyingine, na mara hii somo lilikuwa kulinda ardhi ya Georgia yenyewe. Ilikuwa 2018. Askari kijana aliyejiunga siku vita vilipoisha alikuwa tayari ametumikia miaka kumi.